Machela Kati ya Mlango Wangu na Banda la Lekishon

Jumatatu, 3 Julai 1911

Machela ni yangu! Nimeipata leo asubuhi, bila hela hata moja kunitoka. Turubai nene la kijani, kamba imara kila upande, pete za chuma, doa moja tu la kahawa. Ni ile ile wanamobebwa Wazungu safarini, mmoja amelala ndani kama mtoto na wanne wanatokwa jasho chini ya mti wa kubebea. Nimewaona wakipita njia ya bomani tangu nikiwa mdogo, na siku zote nilijiuliza: mtu amelala vizuri namna ile, kwa nini asumbuliwe na safari? Ondoa safari. Ondoa wapagazi. Weka nyumba huku na nyumba kule, funga kamba, lala. Jambo dogo kabisa, na hakuna aliyeliona ila mimi, Nathanaeli, mpima ngozi wa dukani kwa Mhindi, mtu anayedharauliwa hapa Sokon.

Aliyenipa ni mpishi wa Mzungu mmoja wa Momela. Bwana wake kanunua mpya. Tumebadilishana: yeye machela, mimi mbuzi.

Mbuzi alikuwa wa Marta.

Marta ni mke wangu. Nilitegemea atapiga vigelegele. Aliitazama machela. Akaitazama kamba ya mbuzi iliyobaki mtini bila mbuzi. Akaniuliza kama mbuzi wake wa maziwa, aliyemlea mwenyewe tangu kazaliwa, ndiye aliyegeuka kuwa shuka chafu. Nikamsahihisha: si shuka, ni turubai. Hapo akaingia ndani, akatoka na mzigo wake, akashika njia ya kwao Nkoaranga, mlimani kwa baba yake, Mzee Sumari. Hakugeuka nyuma. Alisema tu kwamba nikishajua nilichokosea, njia naijua.

Sijakosea kitu!

Nimekula ndizi. Zimeungua. Nyumba imenyamaza vibaya.

Jumanne, 4 Julai

Kazi imeanza. Uani kwangu kuna majengo mawili, nyumba ya kulala na jiko la Marta, na nafasi iliyopo katikati ni kama ilipimwa kwa ajili ya mtu kulala. Nimepanda, nikafunga kamba moja kwenye mapao ya paa la nyumba, pale yanapochomoza nje, na nyingine kwenye mapao ya jiko. Nikaikaza machela mpaka ukiipiga kwa kidole inalia. Niliona aibu kuiacha ilegee. Kitu kilicholegea kina sura ya uvivu.

Nikaingia. Nikalala. Mawingu yakautoka mlima na Meru ikajitokeza yote, mpaka kileleni. Raha niliyoipata siwezi kuiandika. Kisha nikapiga chafya.

Paa lilinifuata chini, pao baada ya pao, na majani makavu ya migomba tuliyoezekea mwaka tuliooana, na panya waliokuwa na makazi yao humo.

Lekishon aliona yote. Huyu ni jirani yangu, Mwarusha, mwenye ng'ombe wengi na maneno machache, yote ya kuniudhi. Alikuwa ameegemea fimbo yake ng'ambo ya ua wa masale, ile mimea ya majani marefu, unaotenganisha uwanja wake na wangu. Aliuliza kama sisi Wameru ndivyo tunavyofungua dirisha. Nilimjibu kwamba paa lilihitaji hewa.

Mchana kaja Shangazi Penina, dada wa marehemu baba yangu. Hakutaka hata kukaa. Kasema niende Nkoaranga leo leo nikamwombe Marta na baba yake msamaha, kwa maana kahawa ya Mzee Sumari inaanza kuiva, mikono inatakiwa kule, na mwanamke akishaingia kwenye mavuno ya kwao kumtoa ni kazi. Nikamwambia msamaha huombwa na mtu mwenye kosa. Mimi nina machela.

Lakini nimepata wazo, na ni wazo kubwa. Mzee Sumari akilala humu mara moja tu, ataelewa kila kitu. Ataona kwamba mbuzi hakupotea bali alipanda cheo. Nimemtuma Shangazi ampelekee neno: baba mkwe aje, kuna mahali pa kupumzikia ambapo hata akida hana. Shangazi ameondoka akiongea peke yake.

Jumatano, 5 Julai

Kosa la jana nimelijua. Paa si mahali pa kufungia kitu. Paa limekaa tu juu, halijashikwa na mtu. Ukuta ndio wenye nguvu.

Nimetoboa tundu ukutani mwa jiko, nikapitisha kamba, na ndani nikaifunga kwenye mchi wa Marta, mchi umelala kwa upana ili usipenye. Akili iliyoje! Upande wa nyumba nikafanya vivyo hivyo kwa mpini wa jembe. Nikaikaza vizuri. Safari hii sikukimbilia kulala. Nikafanya jaribio: gunia la mahindi. Likakaa. Nikalibembeza. Likakaa. Nikalitoa, nikaingia mwenyewe.

Kumbe mimi ni mzito kuliko gunia. Halafu gunia halijigeuzi kutafuta upande mzuri. Nilipojigeuza, ukuta wa jiko ulinijia. Ulikuja mzima, udongo wake, fito zake, na chungu cha maziwa cha Marta kilichokuwa kimetundikwa. Mchi ulinipita karibu na sikio ukaenda kutua kwenye migomba. Kamba nzuri za machela zikakatika zote mbili.

Jiko sasa lina kuta tatu. Moshi unatoka vizuri sana. Marta alikuwa akilalamika siku zote juu ya ule moshi, na angekuwapo ningemwonyesha.

Jioni Shangazi karudi na jibu. Mzee Sumari atakuja Jumapili mchana, na wazee wawili, na Marta atakuwa nao. Anakuja kusikia nina nini cha kusema. Wakiridhika, Marta atabaki. Wasiporidhika watapanda naye mlimani, na baba yake hataniita tena mkwe.

Jikoni Marta huwa anaimba polepole akipuliza moto, nyimbo za kanisani, na maneno anayakosea. Nilikuwa namcheka. Leo nimepuliza mwenyewe, moshi ukaniingia machoni, nikatoka nje nikasimama muda mrefu.

Jumapili! Lazima machela ining'inie na lazima ishike.

Alhamisi, 6 Julai

Mambo yamenikaa wazi kichwani. Udongo hauna nguvu, unaziba upepo tu. Nguvu ya jengo iko kwenye mti uliochimbiwa ardhini. Basi nimechukua kisu nikazunguka kuchoma kila nguzo ya nyumba yangu. Aibu tupu! Mchwa wamekula pembe zote. Kisu kinazama kama kwenye ugali. Sijui nyumba imesimama kwa kitu gani, labda mazoea.

Ila mwimo mmoja wa mlango ni mzima. Huo alinipa marehemu baba, mti wa mtarakwa, na kisu kiliuruka. Huo ndio wangu. Lakini machela ina miisho miwili, na jiko sitaki kulizungumzia.

Mti mwingine mzima karibu na hapa, na wenyewe mtarakwa, ni nguzo ya pembeni ya banda la ndama la Lekishon, ng'ambo tu ya ua.

Nilikwenda kwa adabu zote. Alinisikiliza hadi mwisho, akakubali, kwa sharti moja: nisimame njiani watu wakitoka sokoni, nimsifu fahali wake kwa sauti, kama watu wake wanavyosifu ng'ombe wao. Kwamba mimi husema fahali yule ana mgongo wa kitanda kibovu, hilo kalisikia. Sijui nani kamwambia.

Nimesifu. Sijui sifa za ng'ombe, basi nikashika sauti ya wimbo wa Krismasi na kutia maneno yangu. Nikasema pembe zake zimefika Olasiti, na akikohoa mvua inanyesha. Watu walisimama. Mwanamke mmoja aliweka chini mkungu wake wa ndizi ili acheke vizuri. Fahali mwenyewe alinitazama muda wote akitafuna. Lekishon akasema ubeti wa pili haukumridhisha, niurudie. Nikaurudia.

Akanipa na kamba ya ngozi juu yake. Nimefunga kutoka mwimo wangu, kupitia pengo la ua, hadi nguzo yake. Kazi imekwisha! Kesho nalala.

Ijumaa, 7 Julai

Fisi wamekula kamba.

Ngozi ya ng'ombe, mafuta mapya, imening'inizwa usiku kucha kwenye kimo cha mdomo wa fisi! Walikula upande wangu wote, na upande wa Lekishon waliacha fundo tu. Machela ilikuwa chini, imerambwa mpaka doa la kahawa limetoka. Lekishon akasema mwaka huu hajaona mtu anayewakaribisha wageni kama mimi.

Sikukata tamaa. Kazini nimemwomba Mhindi wangu vipande vya katani vya kufungia mizigo ya ngozi, vilivyochoka. Kanipa ili ninyamaze. Nimevisuka vitatu vitatu, kamba nene kama kidole gumba. Fisi hali katani.

Halafu, majaribio. Niliweka gunia moja, likakaa. Mawili, yakakaa. Nikaongeza mawe ya kusagia. Lekishon akapendekeza tumjaribu ndama. Nikakataa, kisha nikakubali. Ndama akakaa, akalala usingizi.

Nimegundua jambo, naliandika hapa lisipotee. Nilipoikaza sana, kamba ilizivuta nguzo mpaka nikazisikia zikilia. Nilipoilegeza, katikati ikabonyea, nguzo zikanyamaza. Kumbe ule ulegevu ndio wenye nguvu! Nimeishusha pia, ikaja kimo cha goti langu, ili Mzee Sumari akianguka asianguke mbali. Nikalala. Nikalala kabisa! Nikajigeuza, nikapiga chafya kwa makusudi. Hakuna kilichonifuata.

Kuna kasoro ndogo: machela inapita mbele ya mlango wangu, na ili kuingia ndani inabidi nitambae. Nimetambaa mara nyingi leo na nimezoea.

Kuna kasoro nyingine si ndogo. Jioni nimezitazama kamba. Miti yote miwili imechongwa pembe kali, na pale katani inapozunguka nyuzi zimeanza kukatika, upande wangu na upande wa Lekishon. Siku mbili za Mzee Sumari zitazimaliza. Labda nusu siku.

Jumamosi, 8 Julai

Siku ya ajabu. Sijui nianzie wapi.

Alfajiri nilikuwa natafuta kitu cha kuweka kati ya kamba na mti. Majani makavu ya migomba yalisagika. Gunia lilitoboka. Khanga ya Marta niliishika mkononi, nikairudisha mahali pake. Akili bado ninazo. Ndipo nikauona ua. Masale! Majani marefu, mabichi, magumu, yanateleza vizuri, hayakatiki hata uyavute kwa ng'ombe. Nikakata mzigo mzima. Nikayakunja, nikayazungusha kwenye mwimo wa mlango, nikayafunga mafundo yasiteleze, kisha kamba juu yake. Nikaenda kwenye nguzo ya Lekishon, vivyo hivyo. Katani ikakaa kama iko kwenye mto wa manyoya. Nikasogea nyuma nikatazama. Pazuri! Kijani kila mahali.

Shangazi Penina akatokea njiani. Akaona. Akashika mdomo. Akapiga vigelegele, akanikumbatia, akaanza kulia, akasema tangu nizaliwe hajawahi kunisikia nikikubali kosa hata la kumwaga maji, na sasa tazama, kumbe nina moyo. Nikamshukuru. Nilidhani anasifu kamba.

Alipokwisha kwenda mbio kuwaita wenzake ndipo jambo lenyewe liliponiingia akilini.

Ni kweli, kwetu Wameru mtu aliyekosa hukunja jani la sale akampelekea aliyemkosea, na aliyeletewa sale hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Najua hilo, nani asiyelijua? Lakini lile ni jani moja! Linashikwa mkononi! Linapelekwa kwa mtu! Haya yangu ni mzigo, yako kwenye mlango, na yanazuia kamba isilike! Nani mwenye macho anaweza kuchanganya vitu hivi viwili?

Wote. Wamechanganya wote. Hadi adhuhuri uwanja ulikuwa umejaa. Hakuna aliyewahi kuona mtu akiomba msamaha kwa masale mengi namna hii, kwa hiyo wameanza kutafuta kosa linalolingana nayo. Wa kwanza kasema nilimtukana baba mkwe. Wa pili kasema nina mke mwingine Momela. Wa tatu kasema mbuzi yule tulimla mimi na mpishi, usiku, na ngozi tukaizika. Lekishon kaja kwa upole kabisa, ambao ndio unaoudhi zaidi, akasema kwao mtu huchuma majani kidogo tu ya malishoni akayanyoosha mbele ya aliyemkosea, ikatosha. Akaniuliza ni nini hasa nilichofanya. Akasema hatamwambia mtu.

Nikapanda juu ya kinu nikawaeleza watu juu ya kamba na pembe za mti. Wakatikisa vichwa kwa huruma. Mzee mmoja akasema kujitetea ni kawaida, ataacha mwenyewe.

Nimeamua kuyatoa. Nimeyatoa! Nikapanda kwenye machela, nikajibembeza, nyuzi zikaanza tena kukatika, moja, nyingine, nyingine. Nikakaa nikafikiri. Nikiyaacha, kesho kila mtu atasema Nathanaeli amekiri. Nikiyatoa, Mzee Sumari ataanguka. Ni mtu mzima, mgongo wake ni wa zamani, na ni baba wa Marta.

Nimeyarudisha. Nimeongeza na mengine.

Jumapili, 9 Julai

Wamekuja.

Mzee Sumari mbele, blanketi lake begani, wazee wawili nyuma yake, kisha Marta, kisha mtamba wa ng'ombe mwenye mimba akivutwa kwa kamba. Niliposema shikamoo sauti ilitoka nyembamba. Marta hakunitazama. Alitazama paa, akatazama jiko, akatazama chini.

Mzee Sumari akafika mlangoni akasimama. Akaona masale. Akanyoosha mkono akayagusa, akaenda upande wa pili akayagusa na yale. Watu wote wa Sokon walikuwa wanatazama, na walikuwa wengi.

Nikaanza hotuba yangu. Nilikuwa nimeiandaa. Nikaeleza kwamba paa halifai, ukuta haufai, nguzo iliyochimbiwa ndiyo inayofaa, kamba ilegee, kimo kiwe cha goti, gunia kwanza mtu baadaye. Akainua mkono ninyamaze. Akasema mwanamume aliyefunga masale mengi hivi hahitaji tena kusema. Akasema alikuja na moyo mgumu, na alikuwa amekusudia kurudi na binti yake, lakini haya yamemshinda. Akanitemea mate ya baraka kifuani.

Nikafungua mdomo kumwambia yale ni ya kuzuia kamba isilike.

Hapo Marta akanitazama. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Nikaufunga mdomo. Shangazi Penina atasema ni muujiza wa pili.

Basi baba mkwe akaulizwa kama atapenda kulala. Akaketi kwa shaka, akainua mguu mmoja, akainua wa pili, akazama ndani. Kisha tukasikia anacheka peke yake mle ndani. Akasema abembezwe. Nikambembeza mimi mwenyewe. Kamba zimeshika! Mwimo umeshika, nguzo imeshika! Alikataa kutoka. Wazee wawili walianza kubishana nani anafuata, kila mmoja akidai rika lake ndilo la mbele, wakahesabu mpaka tohara za babu zao, na walikuwa bado hawajafika mwisho ng'ombe wa Lekishon walipoanza kurudi.

Hilo sikuwa nimelipigia hesabu, maana jioni mbili zilizopita niliivua mapema fisi wasiirambe tena. Njia ya ng'ombe inapita pembeni mwa lile banda. Fahali alikuja mbele, akakuta kitu cha kijani kimekata njia yake, na ndani yake mtu anacheka. Akanusa. Akainamisha kichwa akapitisha chini ya turubai. Akainua.

Mzee Sumari alipaa. Alipiga ukelele, na haukuwa wa hofu, ulikuwa ule wa vijana zamani wakitoka vitani. Fahali akaondoka naye. Kamba zangu hazikukatika! Mafundo hayakufunguka! Nguzo ya Lekishon haikusogea hata unywele! Ni mwimo wangu tu uliong'oka, ukatoka na mlango, na mlango ukatoka na kipande cha ukuta, vyote vikaanza kumfuata fahali. Fahali akageuka, akaona mlango unamfukuza, akashtuka, akainamisha kichwa na kummwaga baba mkwe kwenye lundo la majani ya migomba.

Turubai likatikisika. Nikamsikia mtu akicheka, na ilikuwa Marta. Amepiga magoti, ameshika tumbo, machozi yanamtoka. Kisha turubai lenyewe likacheka. Mzee Sumari akatoa kichwa, akasema tangu azaliwe hajabebwa namna hii, akamuuliza Lekishon kesho ng'ombe wanarudi saa ngapi.

Walipoondoka, jua linazama, yule mtamba alibaki. Ni wa Marta, zawadi ya baba yake, ili asikose maziwa. Marta kamfunga kwa mkono wake mwenyewe, na mbele ya wote kaniambia: huyu ni ng'ombe wangu. Nikasema kwa sauti kubwa kwamba bila shaka.

Marta yuko nyumbani! Nyumba haina mlango. Upepo unaingia, nyota zinaingia, na mimi sijawahi kufurahi hivi.

Jumatatu, 10 Julai

Lekishon kaja asubuhi na mti mpya wa mtarakwa begani. Kauchimbia mwenyewe mahali pa mwimo, tukashindilia mawe. Hakusema neno la kuudhi. Kisha akauliza, akitazama pembeni, kama akishawafungia ndama anaweza kulala kidogo.

Jioni Marta alikuwa anapuliza moto kwenye jiko la kuta tatu, anaimba, maneno anayakosea. Sikumcheka. Kaniambia anajua kabisa kwamba masale yalikuwa ya kamba. Kaniangalia nilivyofungua mdomo mbele ya baba yake, na hakuhitaji kusikia. Nikamuuliza mbona amebaki. Kasema Shangazi kamweleza jinsi nilivyoyatoa na kuyarudisha, watu wakinicheka, ili baba yake asivunjike mgongo. Kwake hilo limetosha. Ila kuna jambo moja nilikumbuke: kilicho chake nisikiguse bila kumuuliza.

Nikamwahidi. Nilimwahidi kwa moyo wote, huku nimemshika mkono. Mimi ni mtu mwingine sasa.

Jumanne, 11 Julai

Siku njema kuliko zote!

Marta kaenda mferejini kuchota maji. Huku nyuma kapita yule mpishi wa Momela, na nani yuko naye kwenye kamba? Mbuzi! Mbuzi wa Marta mwenyewe, mzima, kanenepa. Na begani mwa mpishi, machela. Ya pili! Ya bibi wa Mzungu, turubai jeupe, ina mapindo pembeni na kimto cha kichwa kilichoshonewa humo humo. Bibi hasafiri tena.

Nikaona picha nzima papo hapo. Machela mbili, ubavu kwa ubavu, mimi humu, Marta mle, mlima mbele yetu. Mbuzi aliyemlilia karudi nyumbani kwake. Kosa limefutika kabisa, kama halikuwapo! Mpishi ni mtu mgumu, lakini nimesimama imara. Alitaka kunipa machela peke yake. Nikasema hapana, na mbuzi pia. Akahema, akakubali. Vitu viwili kwa kimoja! Shangazi alisema sina akili ya biashara.

Kaondoka sasa hivi na mtamba. Alikuwa na haraka kidogo.

Mbuzi nimemfunga palepale alipokuwa yule mtamba, ili Marta akimwona ashtuke kwa furaha. Kulikuwa na neno alilosema jana, la kuuliza kwanza, lakini mtu akiulizwa furaha inapungua.

Namsikia anapanda kutoka mferejini, anaimba. Nimejilaza kwenye hii nyeupe, mikono chini ya kichwa. Namsubiri.